Parkinson na dimensia ya Lewy: protini ni ile ile, inategemea imekaa wapi (uzi mrefu kidogo)

Mkata Vipande (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Juzi kuna mchangiaji aliandika kwamba Parkinson ni ugonjwa wa kutetemeka, dimensia ni ugonjwa wa kusahau, na anayevichanganya hajui anachosema. Nilianza kumjibu kulekule, jibu likawa refu kuliko mada yenyewe, nikaona bora nilifungulie uzi wake.

Mimi si daktari. Nafanya kazi maabara ya patholojia, upande wa tishu: nakata, napaka rangi, nabandika kwenye kioo, namkabidhi daktari asome. Ila ukikaa na vioo miaka mingi na wewe unajifunza kusoma, hata kama hakuna anayekuomba usaini ripoti.

Tuanze na kinachoonekana kwa macho matupu. Ubongo mbichi haukatiki vizuri, unabonyea chini ya kisu, kwa hiyo unalazwa kwenye fomalini wiki mbili tatu mpaka ukaze. Ukishakaza, unakata sehemu ya juu ya shina lake, na kwa mtu asiye na ugonjwa utakuta mistari miwili myeusi, mmoja kila upande, kama nyusi zilizopakwa wanja. Kwa Kilatini wanaiita substantia nigra, yaani kitu cheusi, hakuna ufundi zaidi ya hapo. Weusi huo ni rangi iitwayo neuromelanini, na seli zenye rangi hiyo ndizo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoendesha mwendo wa mwili. Kwa aliyeugua Parkinson nyusi zimefutika. Wakati mwingine unageuza kipande huku na huku kwenye mwanga, unaambulia kivuli cha kijivu.

Kisha kioo. Seli nyeusi zilizobaki ni za kuhesabu. Ndani ya baadhi yake kuna kitu cha mviringo, waridi iliyokolea katikati, kimezungukwa na duara jeupe, na kimekisukuma kiini cha seli pembeni kama mgeni aliyekaa vibaya kitandani. Ukivipanga vinne au vitano ndiyo unapata unene wa unywele mmoja. Hicho ndicho kifundo cha Lewy. Mara ya kwanza nilipokiona nilidhani rangi imeganda, nikataka kurudia kioo kizima.

Aliyeviona kwanza ni Mjerumani, Friedrich Lewy, akaviandika mwaka 1912 alipokuwa kwenye maabara ya Alois Alzheimer kule Munich. (Ndiyo, Alzheimer yule yule.) Cha ajabu, yeye hakuviona kwenye zile nyusi bali sehemu nyingine za ubongo. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, Mrusi aliyekuwa Paris, ndiye aliyevikuta kwenye nyusi, na kwa uungwana akavipa jina la mwenzake. Lewy alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 akakimbia Ujerumani, akaishia Marekani, akabadili hata tahajia ya jina lake ikawa Lewey. Vifundo vikabaki na jina la zamani.

Sasa kosa la ndugu yangu yule wa juzi lina umri wa miaka 200, asijisikie vibaya. James Parkinson alipoeleza ugonjwa huu mwaka 1817, kwa watu sita tu, alisema wazi kwamba akili haiguswi. Madaktari wakalibeba neno hilo vizazi kwa vizazi. Mpaka mwaka 1976, Kenji Kosaka na wenzake kule Japani wakaonyesha vifundo vile vile vimetapakaa kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la mgonjwa aliyekuwa na dimensia. Kwenye gamba havina lile duara jeupe, vimefifia, na kwa rangi za kawaida jicho linavipita. Fikiria ni wagonjwa wangapi walizikwa na jina lisilo lao.

Kilichofungua mlango ni mwaka 1997. Kulikuwa na ukoo mkubwa wenye asili ya Contursi, kusini mwa Italia, ambao Parkinson ilikuwa inarithiwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Watafiti wakakuta jeni moja ya ukoo huo ina kosa la herufi moja, na jeni hiyo inatengeneza protini iitwayo alfa-sinukleini. Mwaka huo huo Maria Grazia Spillantini, Michel Goedert na wenzao wakachukua kingamwili inayoinasa protini hiyo, wakavipaka vifundo vya Lewy vya wagonjwa wa kawaida kabisa, wasio na jeni hiyo mbovu. Vikashika. Tangu siku hiyo kifundo kikajulikana kimejaa nini.

Na hii ndiyo hoja yangu yote: ikikaa kwenye shina la ubongo, mtu anatetemeka na kukakamaa, tunaita Parkinson. Ikikaa kwenye gamba, mtu anapotea akilini, tunaita dimensia ya Lewy. Ikijaza seli zile za kuhudumia neva badala ya neva zenyewe, ni ugonjwa wa tatu, wa kudhoofika mifumo mingi. Protini moja, anwani tatu.

Karibuni.

Kiroboto

Nakaa mkao wa kula. Swali la mtoto wa shule: hii protini ilikuja kufanya nini mwilini? Ni sumu au?

Mkata Vipande

Si sumu mkuu, ni mfanyakazi wetu. Iko kwa wingi kwenye ncha za neva, pale neva moja inapopeleka ujumbe kwa nyingine, na inasaidia vile vifuko vya kemikali kujipanga na kufunguka kwa wakati. Ina amino asidi 140, na tabia yake ya pekee ni kwamba ikiwa peke yake haina umbo. Protini nyingi zimekunjwa kama shati lililopigwa pasi. Hii ni kama kamba iliyotupwa sakafuni.

Shida inaanza moja ikijikunja vibaya, ikawa bapa. Bapa inakaa juu ya bapa, na kila mpya inayopita karibu inalazimishwa kuiga umbo lile lile, mpaka unapata nyuzi ngumu ambazo seli haiwezi kuzivunja. Ndiyo maana hata wingi tu unatosha kuleta balaa. Mwaka 2003 ilielezwa familia ambayo jeni yao haina kosa lolote, ila wana nakala za ziada: badala ya 2, wana 4. Wakaugua mapema, kutetemeka na dimensia kwa pamoja.

Kiroboto

Na Alzheimer? Maana huku kila mzee anayesahau anaitwa Alzheimer.

Mkata Vipande

Alzheimer ina protini zake mbili. Amiloidi inarundikana nje ya seli, kama takataka zilizotupwa barabarani, na tau inajisokota ndani ya seli. Kwenye kioo tunazitofautisha kwa kingamwili tofauti, kila moja inashika yake na kugeuka kahawia.

Ila nikwambie ukweli wa mezani: ubongo wa mzee wenye kitu kimoja tu ni nadra. Waliokufa na dimensia ya Lewy wengi wana amiloidi pia, na baadhi wana tau. Ripoti zinakuja na majina mawili matatu. Sisi tunapenda jina moja kwa sababu fomu ina nafasi moja.

Binti Mkubwa

Nimesoma nikiwa nimesimama. Naomba niandike, samahani kama itakuwa ndefu.

Baba yangu alianza na ndoto. Alikuwa mtu mpole, hajawahi kunyanyua mkono, lakini usiku anarusha ngumi usingizini, anapiga kelele anafukuza mbwa. Mama akahamia chumba kingine, tukawa tunacheka. Hiyo ilikuwa miaka tisa kabla ya mambo mengine. Kisha akawa hasikii harufu. Kisha saini: anaanza jina kwa herufi kubwa kama zamani, akifika mwisho zimekuwa kama sisimizi wamepanga foleni. Benki ikakataa saini yake mara mbili.

Kutetemeka kulikuwa kidogo tu, mkono wa kulia. Wakasema Parkinson, wakampa levodopa, dawa ya kuongeza dopamini, akatembea vizuri. Kabla mwaka haujaisha akaanza kuona watoto. Hawaogopi, anatuambia tu: "Wapisheni hao watoto wakae." Siku moja yuko timamu kabisa anakusomea gazeti na kukosoa mwandishi, kesho yake hajui mlango wa choo uko wapi. Tukadhani anatuigizia, Mungu atusamehe.

Sasa kilichoniuma. Alipata maambukizi ya mkojo, akachanganyikiwa, tukampeleka hospitali (siitaji). Usiku akawa anataka kuondoka, wakampiga sindano ya haloperidoli atulie. Akatulia kweli. Asubuhi nilimkuta mgumu kama ubao, shingo haigeuki, mate yanamtoka, macho yananiangalia tu. Alikaa hivyo siku sita. Hakurudi alipokuwa. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa "ni ugonjwa wake unaendelea."

Kuna mtu anaweza kunieleza kilitokea nini mle ndani?

Mkata Vipande

Dada, pole sana. Na usiombe radhi.

Mle ndani: baba alikuwa na dopamini kidogo, seli zinazoitengeneza zimekwisha. Haloperidoli inafanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini. Yaani mtu ana kibaba kimoja cha maji, na mlango wa kuyapitisha ukafungwa. Kwa wenye vifundo vya Lewy hatari hii inajulikana, imo hata kwenye vigezo vya kutambua ugonjwa wenyewe: mgonjwa akishtuka vibaya kwa dawa za kundi hilo, ni dalili ya kumfikiria Lewy. Kwa hiyo "ni ugonjwa wake unaendelea" ni jibu la kukwepa. Ugonjwa ulikuwepo, lakini ugumu wa ghafla usiku mmoja una maelezo.

Kuhusu ndoto: ukiota, shina la ubongo huwa linafunga misuli ili usicheze ndoto yako. Protini ikianza kuharibu pale, kufuli linaachia. Mwanasayansi Mjerumani Heiko Braak mwaka 2003 alipendekeza kwamba kwa wagonjwa wengi vifundo vinaanzia chini, kwenye neva ya vagasi inayoshuka mpaka tumboni, na kwenye sehemu ya kunusa, ndipo vinapanda juu hatua kwa hatua. Isome historia ya baba yako tena kwa mpangilio huo: ndoto, pua, mkono, watoto. Wengi wangekuongezea na kufunga choo kwa miaka.

Si kila anayerusha teke usingizini ana ugonjwa huu, tusitishane. Lakini kwa wale waliothibitishwa kuwa na tatizo hilo la usingizi, wengi wao huja kupata Parkinson au dimensia ya Lewy miaka mingi baadaye.

Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi, naomba niongezee kwa Binti Mkubwa mambo ya wodini, maana uzi huu wa vioo ni mzuri lakini mgonjwa yuko kitandani.

Andika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: DIMENSIA YA LEWY, ASIPEWE HALOPERIDOLI. Bandika mbele ya faili na mbele ya kitanda. Usitegemee kusema kwa mdomo, zamu zinabadilika mara tatu kwa siku. Na mweleze kila anayeingia kwamba hata dawa nyingi za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, zinaziba vipokezi vile vile.

Mgonjwa wa aina hii akichanganyikiwa ghafla, tafuta kwanza mkojo, kifua, choo, maumivu, dawa mpya. Mara nyingi kuna kitu. Daktari akiona lazima kumtuliza kwa dawa ya maruweruwe, kuna zilizo na hatari ndogo zaidi, kwa dozi ya chini kabisa, yeye ndiye wa kupima.

Halafu muulizeni kuhusu rivastigmini au donepezili. Hizi hazigusi dopamini, zinaongeza asetilikolini, kemikali nyingine ya ujumbe ubongoni, na wagonjwa wa Lewy huwa wamepungukiwa nayo sana. Nimeona wazee ambao watoto waliokuwa wakiwaona kwenye kona walipotea kabisa. Wengine hakuna kilichobadilika, sidanganyi. Kazi ngumu ni mizani: levodopa ukipandisha, anatembea lakini anaona watu, ukishusha, watu wanaondoka na miguu nayo inagoma.

Sina Uhakika

Mkata Vipande, unaeleza vizuri lakini naona unatuuzia kitu bado kimo gunia. Ukikuta nzi kwenye kidonda, nzi hakuleta kidonda. Umejuaje kifundo ndicho kinachoua seli? Kama ni hivyo, mbona dawa za kukiondoa hazijaponya mtu?

Mkata Vipande

Nzi wako nimempenda, na sina haja ya kumfukuza. Hapa ndipo hata wakubwa wanabishana.

Upande wako una hoja nzito. Kuna watu wanaorithi Parkinson kupitia jeni iitwayo parkini, nyusi zimefutika kabisa, na wengi wao ukitafuta vifundo huvioni. Kuna wazee waliokufa wakiwa hawana dalili hata moja, unakata, unavikuta. Seli yenye kifundo nilichokieleza juu iko hai mpaka siku mwenyewe anakufa. Zile zilizokufa ndizo zisizoonekana. Kwa hiyo wapo wanaosema kifundo ni jalala: seli imezoa protini mbovu ikaifungia sehemu moja isizurure, na muuaji halisi ni vile vikundi vidogo vidogo vya protini ambavyo kwenye kioo changu havionekani kabisa. Mwaka 2019 vifundo vilipigwa picha kwa hadubini ya elektroni, na vingi vikakutwa vimejaa vipande vya utando, mafuta na mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizovunjika, siyo nyuzi tupu kama tulivyozoea kufikiri. Mimi nilipoona picha zile nikasema kweli, jalala.

Na dawa umezisema sawa. Kingamwili mbili, prasinezumabu na sinpanemabu, matokeo yake yalitoka mwaka 2022 kwa wagonjwa wa Parkinson ya mwanzo, na zote hazikufikia lengo kuu la majaribio.

Lakini kuna jambo moja linaloninyima usingizi upande wa pili. Miaka ya nyuma wagonjwa kadhaa wa Parkinson walipandikizwa seli changa za vijusi ubongoni, zitengeneze dopamini. Walipokuja kufa zaidi ya miaka kumi baadaye, mwaka 2008 ikaripotiwa kwamba baadhi ya seli zile zina vifundo vya Lewy. Seli yenye umri wa miaka kumi na kidogo, ndani ya ubongo wa mzee. Zimevitoa wapi kama siyo kwa majirani? Hapo ndipo wazo la protini mbovu kuambukiza nzima, seli hadi seli, lilipata nguvu. Naomba nisieleweke vibaya: ni ndani ya ubongo wa mtu mmoja. Hakuna ushahidi kwamba anayemhudumia mgonjwa ataupata.

Na ukoo wa Contursi? Na wale wa nakala nne? Ukigusa protini peke yake, ugonjwa unakuja. Kwa hiyo mimi kifundo nakubali kinaweza kuwa jalala. Protini siiachii.

Sina Uhakika

Hapo tumekutana. Jalala siyo mwizi, ila linaonyesha mwizi kapita nyumba gani.

Zamu ya Usiku

Na siku hizi wanaweza kumnusa mwizi kabla. Kuna kipimo cha maji ya uti wa mgongo: wanachukua tone, wanalichanganya na alfa-sinukleini safi iliyotengenezwa maabara, wanatikisa na kusubiri. Kama kwenye tone kuna hata chembe iliyojikunja vibaya, ile safi nayo inaanza kujipanga, na rangi maalumu inang'aa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya washiriki zaidi ya 1,100, na kipimo kiliwanasa karibu 88% ya wenye Parkinson. Hakisemi ugonjwa umefika wapi, wala utakwenda kasi gani. Na bado hospitali nyingi hazina.

Kiroboto

Kumbe ndiyo maana Robin Williams, yule mchekeshaji wa Marekani, aliambiwa ana Parkinson, akafa mwaka 2014, na uchunguzi wa maiti ukakuta Lewy kila mahali? Nilikuwa nadhani waandishi walichanganya.

Mkata Vipande

Hawakuchanganya. Na hata majina yenyewe yanatenganishwa kwa kalenda: dimensia ikitangulia mwendo mbaya, au ikifuata ndani ya mwaka 1, inaandikwa dimensia ya Lewy. Ikichelewa zaidi, inaandikwa dimensia ya Parkinson. Nikipewa vioo viwili bila majina mara nyingi siwezi kukuambia kipi ni cha nani. Kule Sydney waliwafuatilia wagonjwa wa Parkinson kwa miaka 20. Kati ya waliokuwa bado hai, 83% walikuwa na dimensia. Ndugu wa juzi, kama unasoma, ndiyo jibu lako hilo.

Binti Mkubwa

Asanteni wote. Karatasi nimeshaiandika, ya kwanza nimeibandika mlangoni mwa chumba chake, ya pili iko kwenye mkoba na kadi yake ya kliniki. Rivastigmini tutaiuliza Jumatano.

Swali la mwisho, la kijinga. Akisema watoto wamekuja, nimkatalie au nimkubalie?

Zamu ya Usiku

Si la kijinga. Usibishane naye, na usimwambie unawaona kama huwaoni. Muulize kama wanamsumbua. Washa taa, maana vivuli na nguo zilizotundikwa vinageuka watu. Kama hawamsumbui, waache.

Binti Mkubwa

Nimetoka chumbani kwake sasa hivi. Nimemuuliza. Anasema hawamsumbui, wako watatu, ila mdogo amelala, na kwamba mimi ndiye ninayepiga kelele na simu.

Nimeiweka kimya. Koti lililokuwa nyuma ya mlango nimelitoa, kesho nitaona kama watabaki watatu.